Tundu la Paa

Harufu ya vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo hunirudisha kwenye Agosti moja ya ukungu hapa Nunguni, hata nikiipata dukani kwa watu katikati ya sabuni na viberiti. Wenzangu wakiinusa hukumbuka makoti ya babu zao. Mimi hukumbuka gari. Wanaodhani Ukambani kote ni jua na vumbi hawajawahi kukaa Nunguni wakati wa baridi, ukungu unapopanda kutoka mabondeni saa nane mchana na kuingia jikoni bila kupiga hodi, na mtu humsalimu jirani yake kwa kuijua sauti tu, maana uso hauonekani. Nilikuwa na miaka kumi. Dada yangu Mumbua alikuwa na kumi na minne, yuko darasa la nane, na kijiji kizima kilishaamua kwamba ndiye angekuwa daktari wa ukoo wetu. Mimi nilijulikana kwa kupanda miti na kwa uvivu, na sifa zote mbili nilizistahili.

Gari lenyewe lilikuwa la Bwana Swaleh, msafirishaji wa mifugo kutoka Mwingi. Alikuwa amelinunua kwa wageni waliokuwa wakirudi kwao: gari refu, jeupe, lenye vitanda viwili, meza ya kukunja, jiko la gesi, sinki, na tangi la maji chini ya sakafu. Alilala humo alipokuwa akizunguka masoko ya mbuzi. Lakini kifua chake hakikupatana na baridi, na mwezi wa sita ulipoingia alikwenda kukaa kwa binti yake Mombasa mpaka Septemba. Gari alimwachia baba yangu, fundi wake mwenye gereji Malili, kando ya barabara kuu, ambaye alimwamini kuliko ndugu zake wa damu. Baba naye akaona heri alilaze nyumbani kwetu, mbali na barabara kuu na vijana wake wenye mikono mirefu. Banda letu la zamani la kahawa lilikuwa fupi kwa shubiri moja tu, basi likalala nje, ubavuni mwa banda, chini ya turubai.

Kulilaza kulichukua siku mbili. Baba alifungua mabomba akamwaga maji yote, akisema maji yaliyolala huzaa vyura. Akang'oa betri, akatoa mtungi wa gesi, akaliinua kwa jeki na kuliweka juu ya mawe ili matairi yasipasuke, akauacha mlango wa friji wazi ili ndani kusiote kuvu. Kisha tukafika kwenye matundu. Gari lile lilikuwa na matundu mengi ya kupitisha hewa, na kwa macho ya panya na nyuki wa Nunguni kila tundu ni mlango. Hapo ndipo nilipofaa. Baba aliyeyusha nta kwenye sufuria kuukuu, akachovya vitambaa, nami nikavisokomeza kwa vidole vyangu vyembamba: nyuma ya friji, juu ya jiko, chini ya sinki, na mwisho, nikiwa juu ya gari, kwenye tundu kubwa la paa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alinikumbusha kila nilipotaka kuacha kazi nusu. Methali hiyo nawafundisha watoto wa watu mpaka leo. Tulipomaliza alitawanya vidonge vya nondo sakafuni, akafunga mlango, akatutazama mmoja mmoja. "Nikipata mtu amegusa hii nta yangu," akasema, "atanijua mimi ni nani."

Susu, yaani bibi yetu, mama yake Baba, hakukubali kamwe kwamba lile lilikuwa gari. Kitu chenye kitanda na jiko ni nyumba, alisema, na nyumba haiachwi bila moto. Ikiachwa hufa, na ikifa huanza kuita watu. Alilisema neno hilo akimenya viazi, bila kuinua macho, na mimi nilianza kulipita lile turubai mbio. Mwezi wa nane ulipoanza, magodoro ya ndani yakawa yananuka uvundo. "Mumbua, peleka makaa kwa hiyo nyumba ya watu," Susu akaagiza. "Imekufa na baridi." Baba hakujua lolote, maana alikuwa Malili kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mumbua alifurahi mno. Nyumbani kulikuwa na watoto wa shangazi waliokuja likizo, na kule ndani kulikuwa na meza, kimya, na sasa joto. Naye hakuwa mjinga. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba makaa hula hewa, kwa hiyo aliacha mlango wazi na kusoma akiwa amejifunika blanketi, upepo ukimfunulia kurasa kabla hajazimaliza. Hata hivyo jioni mbili alilalamika kichwa kinamgonga. Susu alisema ni vitabu vimejaa.

Siku ya soko Mama aliondoka mapema na magunia yake ya maparachichi. Ukungu haukuinuka asubuhi nzima, kuku hawakutoka bandani, na baada ya chakula cha mchana baridi ikazidi. Mumbua aliniita nje ya gari, jiko la makaa likiwa mkononi.

"Ndanu, panda huko juu utoe ile kitambaa ya paa. Leo nataka kufunga mlango, hii baridi inaniua."

"Baba atanichapa."

"Tutairudisha kabla ya Jumamosi. Panda, wewe ndiye mwepesi."

Nyuma ya gari kulikuwa na ngazi ya chuma. Nilipanda vidato vitatu. Chuma kiliniuma viganja, na nilipoinua ukingo wa turubai maji yaliyotuama juu yake yakanimwagikia shingoni mpaka mgongoni. Nikasimama pale pale, kwa muda ambao ungemtosha mtu kuifanya kazi yenyewe, nikiwaza fimbo ya Baba na moto wa jikoni kwa Susu. Kisha nikashuka.

"Umetoa?"

"Nimetoa."

Kwa ndani tundu lile lilikuwa na kifuniko cha plastiki, asingeweza kuona. Akaniambia asante, akaingia, akavuta mlango. Nilisikia kitasa kikishika.

Nilikaa jikoni nikikausha nguo mpaka uji ukaiva. Susu akanituma nikamwite dadangu. Nilibisha mlango wa gari mara mbili. Kutoka ndani nilisikia kama mtu anakoroma, mkoromo mzito usiokuwa wake, nikaona bora niachane naye. Ningesema amelala, Susu angenirudisha nikamwamshe, na huko nje kulikuwa na baridi. "Anasoma," nikasema. Nikanywa uji wangu, na wake nusu. Ule wa kikombe cha Mumbua ulipoanza kuganda juu, Susu alishika fimbo yake akaenda mwenyewe. Nilimsikia akiita jina la Mumbua mara tatu, na ile mara ya tatu nikajua. Tulimburuta hadi kwenye nyasi, kichwa chake kikining'inia kwenye mkono wangu. Jirani alimpakia kwenye pikapu yake hadi hospitali.

Jioni ile Baba, aliyepelekewa habari Malili, alipanda juu ya gari, akalirarua turubai kwa kisu, akakuta kitambaa na nta kama tulivyoviacha. Alishuka akaketi chini. "Ni mimi niliziba," akasema. Susu akamjibu, "Moto ulikuwa wangu." Waligombania lile kosa siku zote tatu ambazo Mumbua alilala bila kujitambua, na wakaendelea kuligombania kwa miaka. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mumbua alipofumbua macho hakukumbuka lolote la wiki ile, na mimi nilifurahi. Nimeliandika neno hilo nikijua ninachoandika. Bwana Swaleh alikuja Septemba, akasikia habari, akalia mbele ya watu, akalivuta gari lake akaenda kuliuza. Mumbua alirudi shuleni muhula mmoja. Alikuwa akifika mwisho wa ukurasa, mwanzo wake umeshamtoka. Susu alikufa nikiwa na miaka kumi na saba, akiamini kwamba moto wake ndio uliomharibu mjukuu, na wakati huo nilikuwa na mdomo wa kutosha kumwambia ukweli.

Leo Nunguni ina nyumba za mawe zenye madirisha ya vioo, zimezibwa barabara kuliko gari lile, na bado watu wanaingiza makaa chumbani baridi ikibisha. Mimi ni mwalimu. Kwenye mikutano ya wazazi huwaonya mpaka nachosha, nao hucheka kwamba mwalimu anaogopa moto. Mumbua anaishi nami. Anapika, anafuga kuku, anawakumbuka wenzake wote wa darasa la nane kwa majina, lakini jambo la jana kwake ni kama halikuwahi kuwa. Majuto ni mjukuu, na wangu amekua mtu mzima. Mwaka huu, tukichambua maharagwe, nilimwambia yote: ngazi, maji shingoni, nimetoa, anasoma. Aliyaacha maharagwe. Akalia, nami nikalia zaidi yake, kisha akanishika mkono. "Ulikuwa mtoto, Ndanu." Usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu utotoni. Asubuhi akaniuliza kwa nini macho yangu yamevimba.

Wiki iliyofuata nilimwambia tena. Akashtuka upya, akalia upya, akanisamehe kwa maneno yale yale, na kulipokucha hakuwa na habari. Mara ya tatu sijathubutu. Nikimwambia, namuumiza kwa mara ya kwanza kila mara, na nikinyamaza namdanganya kama siku ile, tofauti ni kwamba sasa mimi si mtoto. Leo ukungu umefika mpaka mlangoni. Ameniona nimekaa nikiutazama, akaja kuniuliza nina nini. Nimemwambia ni baridi tu, naye ameniamini.