Ndege ya Bati Iliyomtoa Jasho Sjoukje

Saa nne asubuhi, Sjoukje Veldstra amesimama dirishani kwake mjini Drachten, Uholanzi, ameshika kijiko cha supu. Anakigeuza kwenye mwanga, anakunja uso, anarudi kwenye kompyuta, anaguna. Mumewe, Jelmer, anapita na kikombe cha kahawa.

"Leo kijiko kimesemaje?"

"Kimesema unyamaze."

Sjoukje, 52, hupaka rangi magari yaliyogongwa. Kazi hiyo ndiyo inayomweka mjini. Siku za mapumziko huchora ngozi za ndege, yaani rangi na mabati yanayovishwa ndege za michezo ya kompyuta, ile ambayo mtu hukaa kwenye kiti akajiona rubani. Kwa miaka sita ameichorea klabu ya mchezo huo mjini ndege 64. Malipo yake hadi leo ni mikate ya sukari kumi na mmoja na jibini moja, "tena lilikuwa limeshaanza kuliwa."

Lakini ndege hii imemnyima raha. Mzee Folkert Dijkema, 79, fundi mstaafu, ameomba ndege ya mizigo aliyoihudumia miaka 22 kabla haijakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Bati tupu, haina rangi. Alasiri hii wenzake wanne wa zamani wanakuja klabuni kuirusha. Wasipoitambua, mzee atakuwa amewaita bure.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Kila picha ya ndege hubeba picha nyingine iliyofichwa, inayouambia mchezo wapi pang'ae na wapi pafifie. Katika mchezo aliouzoea Sjoukje, palipo peusi ndipo hung'aa. Katika huu wa klabu, ni palipo peupe. Hakuuliza. Ndege ikatoka na mwili wa saruji na matairi yanayometameta.

"Nilicheka hadi nikashika ukuta," anasema Mzee Folkert. "Kwenye tairi ungeweza kujitazama ukinyoa ndevu!"

Sjoukje akageuza ile picha iliyofichwa. Sasa ikang'aa yote, na mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii ni sufuria mpya. Ndege yangu ilikuwa imefanya kazi."

"Mzee, bati ni bati."

"Wee! Gari lililogongwa ukilitia mlango mpya, huoni tofauti?"

Sjoukje akaanza upya. Tangu siku hiyo mzee amekuja kwake mara tisa, akikaa pembeni na kunyoosha kidole: bati hili lilibadilishwa, lile liliungua kwa moshi wa injini, hapa mikono ya wapakiaji ilipasugua. Kila bati likapewa mng'ao wake, na kijiko cha supu kikawa kipimo cha namna chuma kilichotumika kinavyong'aa.

Saa tisa, klabuni, jua la mchezo linachomoza. Wazee wanne wamesogeza viti karibu na skrini. Mzee Folkert anaminyaminya kofia. Sjoukje haangalii skrini, anaangalia nyuso zao.

Mwanga unapopita bawa la kushoto, mmoja wa wanne hao, Wiebren Postma, 81, anainuka ghafla.

"Simamisha! Rudisha hapo!"

Anasogea hadi pua inakaribia kugusa kioo. Kwenye bawa kuna kibonyeo kidogo, ambacho Mzee Folkert alisisitiza kiwekwe bila kusema sababu.

"Ndiyo yenyewe," anasema Wiebren. "Jamani, hii ni ndege yetu." Machozi yanamlenga. Kisha anageuka taratibu. "Folkert. Mwaka themanini na tatu wakubwa walisema ngazi yangu ndiyo iliyobonyeza hapo. Adhabu yangu ilikuwa kufagia banda la ndege miezi miwili. Mbona hapa naona kisigino cha kiatu?"

Mzee Folkert anatazama sakafu.

"Kilikuwa changu."

"Miaka yote hiyo! Na nilikualika harusi zangu zote mbili!"

Klabu nzima inaangua kicheko. Mzee Folkert anamnong'oneza Sjoukje akifute kibonyeo haraka.

"Hakifutiki, Mzee. Hicho ndicho walichokitambua."

Wiebren anakamata usukani, na Mzee Folkert anakabidhiwa ufagio. Anafagia kweli, huku akitabasamu peke yake.

Wazee wameshaagiza ndege yao ya pili, na Sjoukje amekubali.

"Ila safari hii nitawahoji mmoja mmoja," anasema. "Kila mtu aungame yake kabla sijawasha jua."

Wale watatu waliobaki wanatazamana.