Mkeka Uliopakwa Vanishi

Wifi yangu ana makochi ya henzirani, na sitayasamehe.

Najua kochi halina kosa. Yaliletwa kutoka Dar, mepesi, yamesukwa vizuri, na nyumba nzima ya kaka pale mjini, Chuno, ikapangwa upya kwa ajili yake. Mama mkubwa, dada wa mama yetu, aliyetulea mimi na kaka baada ya mama kufariki, alipoyaona mara ya kwanza aliyabonyeza kwa kidole akakataa kuyakalia. Henzirani aliijua kama fimbo ya mwalimu wa chuo cha Kurani, basi.

"Imenitandika utoto mzima," alisema, "leo niikalie?"

Akaketi sakafuni. Tulicheka sana siku hiyo.

Yeye alikuwa mtu wa ukindu. Kwake kijijini Madimba alishuka mabondeni kwenye majimaji, ambako mikindu huota, akarudi na makuti machanga kichwani na mikono imechanwa na miiba. Aliyachemsha, akayaanika mpaka yakawa meupe, akayachana, akasuka tepe ndefu, kisha akazishona pamoja zikawa mkeka. Mikeka ya kuuza na ya kugawa aliitia rangi. Mmoja hakuutia rangi hata kidogo. Huo ulikuwa wake. Ulikaa darini umekunjwa, na sote tulijua kwamba siku yake ikifika atazungushiwa huo juu ya sanda, abebwe nao hadi kaburini. Aliuzungumzia bila kificho, kama mwingine anavyozungumzia nguo aliyoiweka ya Idi.

Wifi aliuona. Akasema weupe ule ungependeza sana na makochi yake. Kaka akauomba, wa kuazima tu, na mama mkubwa hakujua kumnyima kaka kitu. Hilo lilikuwa gonjwa lake tangu tukiwa wadogo. Akautoa kwa sharti moja, kwamba siku yake urudi.

Fundi aliyekuja kung'arisha makochi alibakiwa na vanishi kwenye kopo. Ya nini imwagwe? Akaupaka mkeka pande zote mbili, ukapigiliwa misumari ukutani. Wageni wakausifu, wakapiga picha mbele yake, wakaweka status. Sasa henzirani ni gongo gumu, vanishi inaipendeza. Ukindu ni jani tu, na jani likishagandishwa hivyo halikunjiki tena.

Mama mkubwa aliukuta hapo alipokuja mjini kwa matibabu. Alisimama akaupapasa, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza. Halafu akaketi sakafuni kama kawaida yake, akamtazama kaka.

"Mtaweza kuukunja, mwanangu?"

Kaka akacheka, akamwambia asiwe na wasiwasi, mkeka wake umepata heshima. Mama mkubwa hakuuliza tena. Mimi ndiye niliyeendelea kuudai kwa simu, mpaka wifi akaacha kupokea simu zangu. Kaka naye jibu lake lilikuwa lile lile: ukuta utabaki mtupu, na mama mwenyewe si yupo, mzima?

Alifariki alfajiri, nyumbani Madimba. Kaka alikuja na mkeka umefungwa juu ya gari, bapa kama mlango. Maiti ilikuwa imekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda. Wanawake wakaupokea uani, wakajaribu kuukunja, ukakatika katikati kama kopa la muhogo mkavu. Wakaumwagia maji ya moto ulainike. Yakateleza juu ya vanishi yakaishia mchangani. Kila walipougusa ulidondosha vipande. Wanaume walikuwa wanasubiri. Jirani akaingia kwake akatoka na mkeka wa plastiki, mwekundu, wenye picha za tausi, na mwanamke aliyesuka mikeka maisha yake yote akazungushiwa huo. Kwa hasira sikulia, na mpaka leo sijamlilia vizuri.

Baada ya maziko kaka alikaa barazani akilia, watu wakimbembeleza. Nilipopita akanishika mkono, akaniuliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba ule mkeka umeharibika.

Aliambiwa. Aliambiwa na mwenye mkeka, amekaa sakafuni sebuleni kwake, na makochi yote ya henzirani yalikuwa matupu.