Stroberi za Uani Kwetu Ujiji

Asubuhi hii nimefungua kopo la jamu, na harufu yake ikanirudisha uani kwetu Ujiji.

Mama alikuwa muuguzi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya. Alipanda stroberi kwenye madumu yaliyokatwa, akayaweka kivulini, akatandaza nyasi kavu juu ya udongo ili joto lisiunguze mizizi. Majirani walimwambia hazitazaa. Na kweli, msimu wa kwanza hazikuzaa. Wa pili ziliiva zote kwa pamoja, wiki ileile mama alipopata uhamisho mwingine.

Siku ya kuondoka, lori lilikuwa limeshapakiwa. Dereva alipiga honi, baba akaita, nami nikawa nakimbia mlangoni na kurudi uani. Mama alikuwa amechuchumaa, anachuma.

"Mama, lori linaondoka!"

"Shika bakuli."

Vidole vyake vilikuwa vyekundu. Bakuli lilipojaa, alimpa bibi wa jirani aliyekuwa amekuja kutuaga.

"Nenda, mwanangu. Nitazimwagilia," bibi alisema.

"Kula kwanza, bibi. Nataka nikuone ukila."

Bibi akala moja, akafumba macho, akacheka. Ndipo mama akapanda lori.