Mkono wa Kushoto Ulikuwa wa Mbwa

Siku ya kwanza nilipofika kazini nilitegemea kukabidhiwa mbwa. Nilikabidhiwa mwiko. Urefu wake ulikuwa kama wa mpini wa jembe, na mbele yake palikuwa na nusu pipa la uji wa dona ulioanza kushika.

"Songa," aliniambia Afande. "Ukiweza kusonga huo, na mbwa utamweza."

Afande alikuwa Msimamizi wa Mabanda, polisi mstaafu aliyezeekea kwenye kazi ya mbwa, na sote tulimwita Afande tu hadi jina lake likasahaulika. Kampuni yetu ilikuwa ya ulinzi. Ilikodisha walinzi na mbwa kwa wenye maghala na nyumba kubwa. Mabanda yalikuwa pembezoni mwa mji wa Morogoro, na mimi nilipanga chumba Mwembesongo. Kwetu ni Mkuyuni, na mbwa niliowajua hadi hapo ni wale wa kufukuza nguruwe shambani, ambao hakuna aliyewahi kuwaogesha wala kuwapikia.

Ninyi vijana mnaona kwenye simu zenu mbwa anaruka ukuta na kumkamata mwizi, mnadhani hiyo ndiyo kazi. Hiyo huja mara moja moja. Kazi yenyewe ni ya mikono, ileile kila siku. Asubuhi unasugua sakafu za saruji kwa brashi ngumu, banda baada ya banda, mpaka harufu ya mkojo ikate. Kisha unamchana mbwa na kumtafuta kupe masikioni na katikati ya kucha, na kila kupe unamng'oa kwa ncha za vidole. Unabeba mgongoni bomba la dawa, mkono mmoja ukipampu, mwingine ukipulizia. Halafu unarudi kwenye ule mwiko, maana ugali wa mbwa huchanganywa na utumbo na dagaa, na ukipoa kidogo tu unakuwa mzito kama udongo wa tofali.

Baada ya hayo yote ndipo unashika kamba. Mbwa wa ulinzi hutembea upande wako wa kushoto ili mkono wa kulia ubaki huru kwa ajili ya rungu. Kitanzi cha kamba unakipitisha kwenye kidole gumba, kamba yenyewe unaizungusha kiganjani. Mbwa akimwona paka anaruka, na uzito wake wote unatua kwenye kifundo cha mkono.

"Mkono wa kushoto ni wa mbwa," Afande alituambia. "Huo usahau. Ukiwashwa pua, jikune kwa wa kulia."

Tulicheka. Alikuwa mkali, lakini alijua kuchekesha.

Mbwa wangu alikuwa Tausi, jike mwenye kifua cheusi, niliyepewa tangu alipoachishwa ziwa. Kazini kwetu kulikuwa na utaratibu wa mbwa wa mtu mmoja. Tausi alikula kutoka mkononi mwangu tu, na kamba yake sikumpa mwingine hata nikienda chooni. Meneja aliupenda sana utaratibu huo. Akija mteja, alimpitisha mabandani na kumweleza kwamba mbwa wetu hahongwi kwa nyama, kwa sababu hamjui binadamu mwingine duniani. Afande naye aliamini kwamba mbwa akizoea watu wawili, wa tatu atakuwa mwizi.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na upande wa pili. Mwenzetu mmoja alipata kazi ya udereva Dar es Salaam, akaondoka. Mbwa wake aligoma kula, akamng'ata kila aliyefungua mlango wa banda. Mwishowe aliitwa bwana mifugo na sindano yake, na sisi tukachimba shimo nyuma ya mabanda. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alijua kwamba akiondoka, mbwa wake hataishi.

Nilipopelekwa Mgeta kulinda ghala la mbolea na viazi, Tausi alikuwa amekomaa. Wanaoijua Mgeta wanajua vile vijia, unapanda ukishika majani na kushuka ukiketi. Mimi nilishuka navyo nikivutwa na mbwa, kwenye utelezi, kwenye ukungu. Huko ndiko mkono ulikoanzia. Kwanza vidole vilikuwa vinakufa ganzi alfajiri, nikadhani ni baridi ya mlimani. Kisha kikombe cha chai kikaniponyoka mbele za watu, na maumivu yakaanza kupanda kutoka kwenye kifundo hadi begani.

Pale ghalani kulikuwa na mpakiaji wa malori ya kabichi, jina lake Mloka, mtu mwenye shingo kama kisiki. Wapakiaji wote wa Mgeta walifunga vifundo vya mikono kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, wakivikaza kabisa. Mloka alinifunga mwenyewe.

"Kaza, mjomba," aliniambia. "Ukiona vidole kama havipo, ujue dawa imeingia."

Na kweli, maumivu yalikata. Mkono ulikufa ganzi wote, nami nikamshukuru Mungu kwamba nimepona. Niliporudishwa mjini niliwaonyesha wenzangu, na haikuchukua muda mabanda mazima yalikuwa yamefungwa tyubu mikononi, kama watu wa timu moja. Afande alitusifu kwamba sasa tunaonekana wanaume wa kazi. Hakuna aliyetuambia kwamba mkono usiosikia maumivu ndio unaoumia zaidi, kwa kuwa mwenyewe unaendelea kuuvuta.

Aliyeshtuka ni mke wangu, Yustina. Siku moja nilikuwa namenya ndizi, kisu kikanikata, damu ikamwagika kwenye sufuria nami sina habari. Alinishika bega na kunipeleka hospitali bila kubadilisha kanga.

Daktari aliifungua ile tyubu, akautazama ule mstari mweusi uliobaki kwenye ngozi, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba ndani ya kifundo mna njia nyembamba unamopita mshipa wa fahamu, na kwamba kwa kuvutwa na kukazwa kila siku njia ile imevimba na kuubana. Palihitajika upasuaji mdogo, kisha miezi ya kuupumzisha mkono, bila kamba wala mwiko.

"Usichelewe, mzee," alisema, akibonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba. "Hii imeanza kupungua. Ikikauka hairudi."

Nilienda kwa Meneja. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo hadi leo ingawa inaniudhi.

"Pole sana, Kosmas," alisema. "Likizo ya ugonjwa ni haki yako. Nasaini leo hii."

"Na Tausi, bosi?"

"Utaratibu unaujua."

Nilimwomba Afande ajaribu kumpa mtu mwingine. Alijaribu, sitamsingizia. Alimwita Sefu, kijana mpole ambaye mbwa hawakumchukia, akampa kamba ya Tausi mbele yangu. Tausi alilala chini, akakataa kusimama. Sefu alipomvuta, alimrukia na kumchana mkono wa shati hadi begani.

"Umeona mwenyewe," Afande aliniambia, na safari hii hakutania.

Kumchukua nyumbani haikuwezekana. Mbwa aliyefundishwa kung'ata haruhusiwi kutoka kwenda mitaani, na mwenye nyumba wetu, mama mcha Mungu, asingekubali mbwa apite kwenye ua anaoswalia. Sikumlaumu.

Jioni ile nilimwambia Yustina kwamba nitasubiri. Tausi ameshazeeka, nilisema, ni muda mfupi tu.

"Unasubiri mbwa afe ndipo ukatibiwe?"

"Nikienda sasa watamuua."

"Kosmas, mimi nimeolewa na mtu mwenye mikono miwili," alisema. Akainuka akaenda kukaa uani, na kwa siku nyingi alinijibu kwa mkato tu.

Nikaendelea kufanya kazi. Wanaoniuliza niliwezaje, majibu ni haya. Kamba niliifunga kwenye mkanda wa kiuno, ingawa ilikatazwa, na Afande akiniona aligeukia upande mwingine. Mwiko niliubana kwapani na kusonga kwa kuzungusha mwili. Kupe niliwang'oa kwa mkono wa kulia, mpaka nao ukaanza kufa ganzi. Vifungo vya shati nilifungiwa na Yustina, ambaye alivifunga bila kunitazama usoni. Tausi hakujua lolote. Kila nilipofungua banda alinisukuma kwa kichwa tumboni kwa furaha, na mimi, nakiri bila aibu, nilifurahi pia. Nilimpenda mbwa yule. Kazi yetu haikutufundisha kulisema neno hilo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwa na nguvu kuliko nilivyokisia. Mvua zilikuja zikapita, zikaja tena, na yeye bado anaruka. Hatimaye miguu ya nyuma ilimshinda, na asubuhi moja nilimkuta amelala, kidevu juu ya sahani yake, amekwisha kuwa wa baridi. Nilimzika mwenyewe, nikisukuma udongo kwa miguu kwa kuwa jembe lilinishinda.

Wiki ileile nilirudi hospitali. Daktari alinipa karatasi niibane kwa kidole gumba, akaivuta, ikatoka bila upinzani. Walinipasua, na kwa kweli maumivu yalipungua, nikaweza kulala usingizi mzima. Nguvu ndiyo haikurudi. Ile nyama chini ya kidole gumba ilikuwa imekwisha, na pale palibonyea kama shavu la mtu asiye na meno. Mkono wa kulia nao ulikuwa umeshadhoofika kwa kubeba kazi ya yote miwili. Kampuni ilinistaafisha kwa maradhi. Afande alinisindikiza hadi getini, akanipa mkono, akakumbuka, akanishika bega badala yake.

Sasa tunaishi Mkuyuni. Nimebaki mtu wa kuchunga kuku na kusimulia. Jembe halishikiki, panga halishikiki, na ndizi zetu zikikomaa naita majirani waje kukata. Kanisani tunapopeana amani watu wananikamua mkono kwa upendo, nami nauma meno.

Hivi karibuni nilishuka mjini, nikapita mabandani kuwasalimu. Afande naye alikuwa amestaafu. Msimamizi sasa ni binti aliyesomea mifugo.

"Shikamoo, mzee," alinisalimu. Alikuwa ameshika dume kubwa, kifua kama pipa.

"Marahaba, mwanangu. Huyo ni wako?"

"Wangu na Sefu."

Sefu alikuja, ameota mvi sasa, akapokea kamba. Yule dume alitikisa mkia na kumfuata. Binti akakaa kwenye benchi kunywa chai.

"Tangu lini mnafanya hivi?" niliuliza.

"Tangu nilipokuja, mzee. Wakiachishwa ziwa tu, kila mmoja anapewa watu wawili. Mtu akiumwa anapumzika."

"Na wateja wanasemaje?"

Alinitazama kama hakuelewa swali. "Hakuna aliyewahi kuuliza."

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuijua, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Nilimshukuru kwa chai aliyonikaribisha, nikasema nina haraka.

Nilipofika nyumbani, Yustina alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani, jembe begani, matope hadi magotini.

"Umewakuta wazima?" aliuliza.

"Wazima."

"Na mbwa?"

"Nao wazima."

Akaketi kwenye kizingiti kujinyoosha vidole, kimoja kimoja, akivibonyeza kama nilivyokuwa nikivibonyeza vyangu kule Mgeta. Habari ya mbwa mmoja kwa watu wawili sikumwambia. Alikuwa amelima peke yake tangu asubuhi, na sikujua ningeanzia wapi kumweleza kwamba ilikuwa rahisi kiasi kile.