Mposaji Aliyetafuta Sayari

Simu ilinikuta Wandegeya, hapa Kampala, nikila chakula cha mchana: jirani yangu wa zamani wa Kansanga, mhadhiri Mkenya aliyetafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, amefariki dunia. Nilisukuma sahani kando. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka, kwa maana nilikumbuka siku tulipompeleka kuposa.

Baba wa binti alikuwa polisi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kituoni. "Kijana, kazi yako ni gani?" Badala ya kujibu "mwalimu", kama tulivyomsihi, rafiki yangu akasema anatafuta sayari kwa kutumia darubini zilizorushwa angani. "Umeshaona hata moja?" "Hapana, mzee. Hazionekani." Shangazi wa binti akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho. "Kama haionekani, ushahidi iko wapi?" Mposaji akaeleza kwamba sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo mno, na darubini huunasa upungufu huo. "Na kama ni nzi tu amepita?" "Ndiyo maana hatutangazi haraka, mzee. Tunangoja ipite tena na tena, kwa vipindi vilevile. Nzi hana ratiba." Mzee akafumba macho kidogo. "Basi na wewe, nenda, urudi. Halafu rudi tena. Tutajua wewe ni sayari ama ni nzi."

Akawa anarudi kila Jumapili, mpaka shangazi yule akachoka kumpikia na kuomba binti aozwe. Ndoa ikafungwa.

Miaka mingi baadaye akadhani amepata sayari. Kansanga yote ikajua. Mama mwenye nyumba akauliza kama viwanja vya huko vina hati. Vipimo vipya vikaonyesha kuwa ni nyota mbili tu zinazokingiana mwanga. Alipita mwenyewe duka kwa duka: "Nilikosea. Si sayari." Muuza nyama akampa pole kama aliyefiwa. Mkwewe yeye alifurahi. "Sasa huyu," aliniambia, "akisema kitu, mimi naamini."

Katika mji huu, fununu ikitoka Nakasero, kilima cha wakubwa, asubuhi, mchana imeshakuwa sheria, na aliyeizua haonekani tena. Nasi wenye safu magazetini hatuna nafuu: habari tunaipiga tarumbeta, masahihisho tunayanong'ona. Anayetaka kuaminiwa na atangaze kosa lake mwenyewe, kwa sauti ileile aliyotangazia furaha yake.