Jani la Isale

Kila nikifungua boksi la vifaa vya baba, harufu ya vanishi inanirudisha kwenye maonyesho ya Krismasi, uwanja wa kanisa kule Uru. Baba alikuwa akiuza vinyago, nami nikivifuta vumbi.

Baba mdogo akaja, kofia mkononi, akaweka mezani jani bichi la isale lililopigwa fundo.

"Kaka, nimekosa. Ule mpaka wa kihamba alichotuachia baba, niliusogeza mimi."

Kwetu isale ni kuomba msamaha, na halikataliwi hata kama damu imemwagika; anayelikataa hujiletea laana.

Baba hakuinua macho. Aliendelea kuchonga sikio la tembo.

"Baba watoto, pokea," mama akanong'ona. "Usitutafutie balaa."

"Hilo jani wape mbuzi walile," baba akajibu.

Baba mdogo akaondoka. Jani likabaki kati ya vinyago, likinyauka juani, na wateja wakawa wanaipita meza yetu kama wanaopita penye msiba.

Jioni, tukiwa tumeshafika nyumbani, mama alishindwa kuvumilia, akarudi mbio kulichukua lile jani. Alikuta uwanja umeshafagiliwa.

Kisu chake cha kuchongea bado kimo humu boksini. Tembo naye yumo, ana sikio moja; la pili baba hakuwahi kulichonga.