Maji ya Baba

Nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeweza kuitamka. Kwa Kiingereza ilikuwa ndefu mpaka inachosha. Kwa Kiswahili, mtu akiniuliza nimesomea nini, nilijibu "sayansi za tiba", na hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Watu walisikia tiba, ile sayansi wakaiacha ipite. Baba yeye alisikia daktari, na akishasikia jambo baba yangu, limekwisha.

Alikuwa mkulima wa pamba na mahindi, mfugaji, tena mzee wa kanisa, huko mbele ya Lagangabilili. Siku hizo kote kule kulikuwa bado wilaya ya Bariadi, na Bariadi yenyewe ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Huu mkoa wa Simiyu umekuja tukiwa watu wazima. Jumapili ya kwanza tangu nirudi alinisimamisha mbele ya waumini, akasema Mungu amempa daktari nyumbani kwake. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikainamisha kichwa, nikawasikia wakisifiana pale nyuma kwamba msichana ana adabu, chuo hakijamharibu. Adabu ya wapi, jamani. Nilikuwa natafuta pa kuuficha uso.

Maana ukweli ni kwamba tulichosomea sisi kilikuwa damu, makohozi, usaha, mkojo na kinyesi. Tulisoma mwili unavyofanya kazi na unavyoharibika, wadudu wanaoingia humo wanavyoishi na wanavyozaana, na jinsi ya kuwakamata. Wenzetu wa udaktari walipita koridoni na vipimo vyao vya mapigo ya moyo shingoni, sisi tuko chumba cha mwisho, darubini moja tunaigombea kama watoto wanaogombea ukoko. Walituita watu wa vikopo. Tulicheka, tukajiita hivyo wenyewe. Nami niliipenda kazi ile, nisiseme uongo. Siku ya kwanza nilipomwona mdudu wa malaria ndani ya chembe ya damu, kapete kadogo ka zambarau, nilikataa kuondoka kwenye kiti mpaka mwenzangu akanisukuma. Chuoni sikuona haya hata chembe. Haya ilinipanda ndani ya basi, nikiwa narudi kwetu.

Kuhusu kazi, mwalimu wetu mmoja alitwambia tusihangaike na serikali, imefunga milango, haiajiri. Sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Tukatawanyika kweli. Mmoja alipata kiwanda cha minofu ya samaki Mwanza, akawa anapima kama sangara wana vijidudu kabla hawajapandishwa ndege kwenda Ulaya. Mmoja akafunga tai, akawa anatembeza dawa za kampuni, kazi yake kuwabembeleza madaktari wale wale waliokuwa wakitucheka. Mmoja akaingia kwenye utafiti wa mbu, mwingine benki ya damu. Aliyetuzidi wote akili akaenda kufundisha baiolojia sekondari, na ndiye pekee niliyewahi kumsikia akisema ameridhika.

Mimi nilipata maabara Bariadi mjini. Mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wafanyabiashara walioanza kununua pamba baada ya ushirika kuacha kuwa mnunuzi peke yake. Bei ya pamba ilipomtia wasiwasi, akaona ajaribu magonjwa. Akakodi vyumba karibu na soko, akanunua darubini nzuri, akanipa koti jeupe lililonizidi mabega, akaweka benchi nje. Wagonjwa walitoka hospitali na zahanati na vikaratasi vyao, nami nilipima, nikaandika majibu, wakarudi kwa madaktari wao. Sikumtibu mtu. Hiyo haikuwa kazi yangu.

Sasa nenda ukamwambie mzee wa kanisa hivyo. Aliponiuliza kule mjini nafanya nini hasa, nilimwambia napima. Akauliza napima nini. Nikasema damu. Ilikuwa kweli, yaliyobaki niliyaacha mjini. Wasiotoka kwetu wataniona mtoto, lakini nyumbani, baba akiwa amekaa uani, sisi wasichana hatukuthubutu kupita mbele yake na kopo la maji kwenda chooni. Tulibana, tukasubiri ainuke akatazame ng'ombe, ndipo tukakimbia. Kutaja choo mbele yake ilikuwa kama kumtukana. Sasa nimwambie kwamba nalipwa mshahara kutazama vya watu?

Ndivyo tulivyokaa, yeye na daktari wake na mimi na vikopo vyangu, mpaka mayu, yaani mama yangu, alipokuja gulioni, akanivuta kando ya mizigo ya dagaa. Alizunguka sana kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Mwisho akaninong'oneza kwamba baba yangu, akienda kando, anatoa nyekundu. Si jana wala juzi. Tangu wapande pamba, na sasa wanavuna. Amekonda, akishika jembe anahema. Nikamuuliza kwa nini hajaenda hospitali, mayu akanitazama kama nimeuliza upuuzi. Baba alikuwa amekataa katakata. Alisema ana daktari wake mwenyewe, akionekana amepanga foleni kwa daktari wa watu, kanisa zima litauliza yule wa kwake ana kasoro gani. Anangoja nije na dawa.

Kwetu mkojo wa damu ni kichocho, kila mtu anakijua. Wavulana wa shule walikuwa wakijisifu nao kana kwamba wamepandishwa darasa. Kina dawa, na dawa yake si ya kutisha. Lakini nilikuwa nimesoma pia kwamba kichocho kilichokaa miaka kwenye kibofu cha mtu mzima kinaweza kugeuka saratani, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Niliposoma mistari ile chuoni niliipigia mstari kwa ajili ya mtihani. Sikuwa nimefikiria kwamba inamhusu mtu anayeitwa baba.

Kwa hiyo nikamwambia mayu baba aniletee maji yake nipime. Nilisema kwa Kisukuma, minzi, maji. Lile neno lenyewe halikutoka, hata kwa mama yangu, kwa kuwa lilikuwa la baba. Mayu akaitikia kwa kichwa. Nikajua tumeelewana, nikashukuru kwamba hakunilazimisha kusema zaidi.

Baba alikuja mwenyewe, asubuhi, kwa baiskeli, amevaa koti lake la kanisani. Watu wa kwenye benchi walimpisha kwa heshima, wakaamkiana mwangaluka, mwangaluka, na mimi nikatoka ndani nikapiga goti kumwamkia. Mayu hakuwa ametia chumvi. Kola ya shati ilikuwa imemzidi shingo.

Akafungua mpira kwenye keria, akashusha dumu, lile la mafuta ya kula la njano. Mdomoni alikuwa ameliziba kwa kitambaa safi. Akaliweka mbele ya miguu yangu.

"Maji haya hapa, mayu," akasema. Baba wa kwetu humwita binti yake mayu, mama, pale anapompenda.

Yalikuwa maji ya lambo letu, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Rangi ya chai ya maziwa, yananuka ng'ombe. Na kabla sijafumbua mdomo akaanza kuwasimulia watu wa kwenye benchi jinsi binti yake, akiwa huku huku mjini, alivyoshtukia kwamba ubaya wote nyumbani uko kwenye maji, akaagiza yaletwe. Alivimba kifua, kile kifua kidogo kilichobaki. Kinachoniuma ni kwamba hata hakukosea sana, kichocho tunakipata humo humo kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Ila ndani ya dumu lile hapakuwa na kitu cha kuniambia kama baba yangu anakufa au hafi.

Kwenye benchi walikaa mama mmoja na mtoto wake, mzee mmoja na vijana wawili. Wote walikuwa na vichupa vyao. Mzee alikifunika cha kwake kwa kofia. Kijana mmoja alielewa mara moja, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko, mwenzake akampiga kiwiko.

Njia ya mkato ilikuwepo, na niliitazama vizuri. Nilipokee dumu, nimshukuru, nimtafutie vidonge vya kichocho vya kubahatisha, arudi nyumbani na heshima yake yote. Lakini kama ni saratani, vidonge vile ni sawa na peremende. Angekufa taratibu, akinisifu.

Nikamwambia si maji haya.

Akauliza maji gani, basi.

"Maji yako, baba."

Akalitazama dumu, akanitazama mimi, akaanza kukasirika. "Ni yangu. Lambo nililichimba mwenyewe."

Yule kijana akashindwa kujizuia, akainuka akaenda kucheka barabarani. Wengine walitazama chini kama watu walio msibani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikayakaza macho kwenye viatu vya baba, vimejaa vumbi la njia nzima, nikasema kwa Kiswahili. Kwetu Kiswahili ni lugha ya ofisini na ya shuleni, unaweza kujificha nyuma yake kidogo. Kwa Kisukuma neno lile lingeniunguza mdomo.

"Mkojo, baba. Nataka nitazame mkojo wako."

Aligeuka, akaenda kwenye baiskeli yake, akashika kiti. Nikajua anaondoka, na akiondoka hivi hatarudi, wala hospitali hataenda, maana sasa amevuliwa nguo na binti yake mbele ya watu. Nilimwona mgongo tu. Niliona mifupa ya mabega ndani ya koti.

Nikaingia ndani, nikachukua kichupa kisafi, nikamfuata juani. Sikuwa na mpango wowote, miguu ndiyo iliyojua. Nilipiga magoti kwenye changarawe, na koti langu jeupe, nikamnyooshea kichupa kwa mikono miwili, kama tunavyowapa wazee maji ya kunawa kabla ya chakula. Wapita njia walisimama. Mwanamke aliyebeba beseni la nyanya aliuliza kuna nini.

Kitu unachopewa kwa magoti hukikatai. Hata yeye hakuweza. Alikichukua bila kunitazama, akazunguka nyuma ya nyumba ambako choo kilikuwa, akakaa huko mpaka nikaanza kuogopa.

Aliporudi alikuwa amekifunga ndani ya leso yake ya kanisani. Akasimama nacho mlangoni, hakunipa.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Chuo chote kile."

Nikasema ndiyo, tulisomea hii, hii na nyingine zinazofanana nayo. Nilitaka kumweleza kwamba daktari hawezi kumtibu mtu vizuri kabla ya kujua ana nini, na anayemwambia ni mtu kama mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu chuoni.

"Na huoni haya?"

"Naona, baba. Naona sana."

Akautazama ukuta. Kisha akanyoosha mkono wenye leso.

"Hata mimi naona," akasema. "Haya, tazama."

Kichupa kilikuwa vuguvugu. Nikaingia nacho ndani, nikaufanyia mkojo wake kila kitu ninachoufanyia mkojo wa mtu yeyote, nikakaa kwenye darubini, na machozi yakanizuia kuona mpaka nikafuta jicho kwa mkono wa koti. Mayai ya kichocho yalikuwa mengi mno, kila moja na mwiba wake mkiani, na damu imejaa kati yao. Lile jingine nililokuwa naliogopa sikuliona. Lakini kutoliona kwangu hakukutosha. Ilibidi mwenye kujua kibofu amshike, amkague, aseme yeye.

Nilipotoka alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya wale wengine, dumu miguuni. Nikamwambia mkojo wake una kichocho, kingi, dawa ipo hospitali, lakini aende leo hii, daktari amtazame na kibofu.

Akauliza daktari yupi.

"Daktari mwenyewe, baba. Mimi si daktari."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, na watu wote wa kwenye benchi walisikia. Nilingoja aniambie neno lolote, hata la ukali. Kisha akainuka, akasema haya ya kutosha amekwisha kuiona, sasa nimpeleke kwa huyo daktari, hospitali yeye haijui. Nikatangulia mlangoni ili nimwonyeshe njia, akanishika mkono.

"Vua koti hilo kwanza," akasema. "Twende mtu na baba yake."

Nikalivua.